Ufunguo wa Anti Nellie

Padiham, Lancashire
Jumapili, 9 Machi 2014

Mpendwa Mama Mdogo Enid,

Pokea salamu zangu, za Maureen, na za goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linajitegemea na lina maoni yake kuhusu ngazi. Sisi tuko salama. Mvua ipo. Binti yetu Joanne amepata kazi Leeds na anatupigia simu Jumapili kutuambia kwamba hana muda wa kutupigia simu. Mimi bado naendesha gari la maktaba vijijini: mtu anayebeba vitabu elfu mbili kila siku na kusoma kurasa mbili kwa wiki. Najua simu husikii na kompyuta huitaki, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Sasa habari ya dada yako. Tangu alipoanguka jikoni mwezi wa Januari, Mama hawezi kuufikia mlango bila mtu wa kumshika. Nyonga itapona kiasi. Kichwani ndiko mambo yanakoanza kumponyoka. Daktari aliniweka pembeni akaniambia waziwazi: watu anaowaona kila siku ndio watakaobaki naye muda mrefu zaidi, kwa hiyo abaki nyumbani kwake, kwenye kiti chake, na nyuso zilezile. Nimelishika hilo. Sitaki afike siku ya kuishi katikati ya wageni.

Kwa hiyo tumepata wahudumu, mara nne kwa siku. Wa asubuhi anaitwa Nasrin, anatoka mji wa Nelson, ana mikono yenye nguvu na mdomo wenye nguvu zaidi. Tatizo lilikuwa mlango. Kitasa cha Mama kinajifunga chenyewe ukiuvuta mlango, na wahudumu hawawezi kutembea na funguo za kila mzee mfukoni. Wanataka kisanduku cha chuma ukutani, karibu na mlango, chenye vitufe vya namba. Unabonyeza namba ya siri, kifuniko kinashuka, ufunguo wa akiba uko ndani. Nusu ya nyumba za mtaa huu zinavyo sasa. Ukipita unajua nani amezeeka.

Nilikifunga mwenyewe. Tofali za kwetu unazijua, hazitoboleki. Nilivunja vyuma viwili vya drili na tundu la kwanza likaenda mahali pasipohusika, nikaliziba kwa simenti na kujifanya silioni. Kisanduku kimekaa upande kidogo, lakini kimekaa. Namba nilichagua ambayo nisingeweza kuisahau, nikaisahau Jumatano, nikasimama mvuani nikibonyeza mpaka Nasrin akaja kunifungulia. Akaniuliza kama na mimi nimeandikiwa huduma.

Ufunguo wa kuweka humo sikuwa nao, wangu nauhitaji. Nikakumbuka kwamba Anti Nellie Ormerod wa ng'ambo ya barabara anao wa Mama, tangu enzi nilipokuwa sijui kuvaa viatu, na ndio anaoutumia kuingilia kila siku saa nne, bila kubisha, akisema "Ni mimi tu." Nikaona, ya nini kuchonga mwingine? Mwanamke ana miaka themanini na mbili, na sasa wahudumu wapo, apumzike. Nilimkuta akimenya viazi.

"Anti Nellie, nimekuja kukupunguzia mzigo."

"Mzigo gani, mwanangu?"

"Ufunguo wa Mama. Wanautaka uwe kwenye kile kisanduku."

Akafuta mikono kwenye aproni, akautoa ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango, akaufuta na wenyewe. "Haya, huu hapa," akasema. "Ni wewe uliyekuwa unatoboa? Nilidhani wamerudi kuchimba makaa ya mawe."

Basi, mambo yamekaa sawa. Nimejisikia mtu mwenye akili kwa siku tatu mfululizo, jambo ambalo Maureen anasema si la kawaida.

Mwanao,
Desmond


Timaru, New Zealand
31 Machi 2014

Desmond mwanangu,

Barua yako imefika imelowa kona moja, nikajua kweli imetoka Padiham. Mimi mzima. Masikio hayana jipya, yamenyamaza kama nilivyoyaacha. Huku majani yanaanza kuanguka na mti wa jirani umenipa tufaha nyingi kuliko ninavyoweza kuzipika, maana tangu Ron afariki natumia ile sufuria ndogo. Mpongeze Joanne. Goti lako lifunge kitambaa cha flaneli uache kulisikiliza.

Umeniandikia ukurasa mzima wa drili na mistari michache ya Nellie Ormerod. Ningependa kinyume chake. Nellie akitania, ujue kuna kitu amekimeza. Alisema nini baada ya ule utani wa makaa? Au uliondoka upesi?

Na swali lingine. Namba ya hicho kisanduku, umempa?

Kama hujampa, kachongeshe ufunguo mwingine kwa yule fundi viatu wa sokoni anayechonga na funguo, umrudishie ule wake. Huo huo aliokuwa nao. Usiniulize kwa nini. Nenda tu, hata leo.

Mbusu dada yangu Muriel. Mwambie ni kutoka kwangu.

Mama yako mdogo,
Enid


Padiham
Jumapili, 25 Mei 2014

Mpendwa Mama Mdogo,

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja Aprili, ikakaa nyuma ya saa ya mezani. Nilikuwa nangoja niwe na jambo la maana la kukujibu, na sasa nakujibu bila kuwa nalo. Maureen anakusalimu. Flaneli nimeifunga, goti sasa linauma kwa joto. Gari la maktaba lilikwama kwenye tope kule Barley na nikaokolewa na mkulima ambaye kwa malipo alitaka tu nimfutie faini ya kitabu cha kuku alichokaa nacho miaka mitatu.

Busu nilimpa Mama. Aliuliza, "La nini hili?" Nikamwambia limetoka kwako. Akasema nimekonda, jambo ambalo si kweli.

Kuhusu Anti Nellie. Namba sikumpa, Mama Mdogo, na nina sababu. Nilitia saini karatasi ya wale watu wa huduma kwamba namba ni ya wahudumu na familia peke yao. Tena fikiria: nikimpa namba, si nitakuwa namwambia kwamba bado nategemea aje? Mtu wa miaka themanini na mbili. Nimempa mapumziko, siwezi kumpa mapumziko na zamu kwa pamoja.

Lakini nisikufiche. Nasrin alinishika juzi nikiwa natoa taka.

"Nellie ni nani?"

"Jirani. Ule mlango wa kijani."

"Mbona haji? Kila saa nne mama yako anageuza kichwa kuutazama mlango. Nikimpa chai anasema nimimine nyingine, kikombe cha pili, cha Nellie. Kinapoa pale mezani."

"Anapumzika."

"Alikwambia amechoka?"

"Hapana, ila..."

"Ulimuuliza?"

Anauliza maswali kama wewe. Nilimwambia nitalifuatilia, kauli ambayo tunaitumia sana maktaba.

Na kweli, wiki ileile nilikutana na Anti Nellie akipiga deki kizingiti chake. Alinisalimu vizuri sana. "Mama yako hajambo? Nawaona wasichana wanaingia na kutoka. Sipendi kuwaingilia kazi yao." Nikamwambia asiseme hivyo, karibu wakati wowote, nyumba ni yake. Akasema, "Asante, mwanangu, una moyo mzuri." Tukaongea habari za maharage yake. Kwa hiyo unaona, hakuna kinyongo chochote.

Nimekuwekea picha ya Mama. Yule anayeonekana nusu ni mimi.

Mwanao,
Desmond


Timaru
16 Juni 2014

Desmond,

Nimepata barua na picha. Muriel amekuwa mama yetu mtupu, hata namna ya kukunja mikono. Hapa ni baridi na nimevaa soksi mbili mbili. Hizo ndizo habari zangu zote, maana nina haraka ya kufika kwenye lako.

Ulimwambia karibu wakati wowote. Angepitia wapi, kwenye dohani? Mlango unajifunga wenyewe. Muriel hawezi kunyanyuka kumfungulia. Ufunguo umeuchukua, namba umeificha. Nellie atasimama pale kizingitini abishe, na dada yangu ndani asikie kubisha, asiweze kuja, ajaribu kuja, aanguke tena. Nellie analijua hilo kuliko wewe. Ndiyo maana habishi.

Na hatakuomba namba. Watu wa mtaa ule nawajua, nilizaliwa nao. Akiomba ataonekana anajipenyeza. Wewe nawe hutoi, kwa sababu ukitoa utaonekana unamtuma kazi. Basi mtakaa hivyo hivyo, kwa adabu, mkizungumzia maharage, mpaka mmoja wenu azikwe.

Ulisema hutaki mama yako aishi katikati ya wageni. Umemwondolea yule mmoja aliyekuwa haingii kama mgeni.

Nina miaka sabini na minane na sijawahi kukufokea. Nimekufokea leo.

Enid


Padiham
Jumapili, 17 Agosti 2014

Mpendwa Mama Mdogo,

Miezi miwili imepita na utakuwa umeshaamua kwamba nimenuna. Sikununa. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena, kisha nikafanya kile wanaume wa rika langu hufanya wakionyeshwa kosa lao: nikapaka rangi uzio. Umependeza sana. Maureen na Joanne wazima, wanakusalimu.

Ninachokuandikia nilipaswa kukiandika Julai. Nilikwenda kwa Anti Nellie siku ya Jumamosi, na namba nimeiandika kwenye karatasi. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi hotuba. Alinikaribisha, akanipa pai ya viazi, akakaa mbele yangu akiningoja nimalize kutafuna.

"Anti Nellie, nimekuletea namba ya kisanduku cha Mama. Nilipaswa kukupa tangu mwanzo."

Akaitazama karatasi bila kuishika. "Ya nini?"

"Uingie. Kama zamani."

"Nyie si mna watu wa kazi?"

"Si sawa na wewe."

"Des, mwanangu, vile vitufe ni vidogo kama punje za dengu, na macho yangu unayajua. Nisimame barabarani nikibonyeza ukuta, watu wa mtaa wanione kama mwizi wa benki?" Akacheka. Nilikumbuka ulichosema kuhusu utani wake, nikaweka uma chini.

Nikatoa silaha ya pili. Nilikuwa nimepita kwa fundi viatu asubuhi ileile, akanichongea ufunguo mpya. Nikauweka mezani. Unang'aa kama kitu cha kuchezea cha watoto.

"Basi chukua huu. Ni wako."

Akausukuma kwa kidole ukarudi upande wangu.

"Nilikuwa nao wangu," akasema.

Hotuba yangu, Mama Mdogo, haikufika huko. Niliuliza kama nimemuudhi, naye akasema hapana, hapana, ungekuwa mwanamume wa ajabu kama usingemjali mama yako, kula pai. Lakini alipokuwa akinisindikiza mlangoni alisema jambo moja bila kunitazama. "Ulikuja ukauomba kama sufuria uliyoazima. Nikadhani Muriel ndiye aliyekutuma."

Nikamwapia kwamba Mama hakujua lolote. Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ananiamini. Lakini alikuwa ameshaishi na lile wazo tangu Machi, na sidhani wazo la miezi minne hutoka kwa kiapo cha dakika moja.

Mwisho tulipatana hivi, au tuseme mimi nilipanga na yeye hakukataa. Kila Alhamisi, siku yangu ya mapumziko, saa nane mchana niko kwa Mama. Ikifika saa nane na robo mimi nasimama mlangoni kutazama hali ya hewa, na Anti Nellie hutokea kuwa anavuka barabara. "Ah, uko hapa," anasema. "Karibu ndani," nasema. Ukituona ungesema tumekutana kwa bahati tangu dunia iumbwe. Anaingia amevaa koti. Anakaa kwenye kile kiti cha wageni chenye mgongo mgumu. Ile "Ni mimi tu" haisemi tena. Saa tisa kamili anaaga.

Alhamisi ya kwanza Mama alimtazama muda mrefu, kisha akasema, "Umechelewa." Anti Nellie akajibu, "Miguu, Muriel, miguu tu." Wote wawili wakaangalia dirishani, na mimi nikaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Nilidhani kisanduku kitanisaidia kuwaingiza watu. Sasa mimi ndiye kitasa.

Mwanao,
Desmond


Timaru
8 Septemba 2014

Desmond mwanangu,

Asante kwa barua. Nimeisoma nikiwa bustanini, maua ya daffodili yametoka na upepo umeyalaza yote. Afya yangu nzuri, ila daktari amenibadilishia dawa za presha na sasa nalala mchana kama paka. Nakuomba radhi kwa barua yangu ya Juni. Siiondoi, ila nakuomba radhi.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa kijana, kwa nini sikurudi kuwatembelea hata mara moja. Nilikwambia nauli. Nauli tulikuwa nayo.

Mama yetu alipofariki nilihamia kwa Muriel na baba yako. Nilikaa nao miaka minne. Wewe ulizaliwa mimi nikiwa kwenye kile chumba cha nyuma, na nilikuwa nikitoka kiwandani saa kumi na moja na nusu nakubeba mpaka Muriel amalize kupika. Nilikuwa na ufunguo wangu. Mwaka 1962 niliposema naolewa na Ron, Muriel hakupendezwa. Hakugombana. Alikuwa anapiga pasi. Siku ninayoondoka na sanduku langu alisema bila kuinua macho, "Ufunguo uache kabatini, Enid, hutauhitaji tena."

Nikauacha. Nikaenda kupanda basi.

Tulikaa Burnley miaka miwili kabla ya kuja huku. Maili tatu, Desmond. Ningekuwa na ule ufunguo ningeingia siku yoyote, ningeweka birika jikoni, tungeyamaliza. Bila ufunguo ilibidi nibishe, na sikuweza kubisha kwenye nyumba niliyokuwa naingia tu. Nilikuja mara mbili, nimealikwa, nikakaa kwenye kiti chenye mgongo mgumu. Baada ya hapo ni kadi za Krismasi.

Mpaka leo sijui kama alinifukuza au alihitaji ufunguo tu. Nimejiuliza nikiwa melini, nikiwa leba, nikimzika mume. Ni swali la kijinga kwa mwanamke wa umri wangu, na nimelikawiza mpaka kichwa chake kimeanza kwenda.

Ukimwona ana siku nzuri, muulize. Usiseme nimekutuma. Kama hakuna siku nzuri, liache.

Mama yako mdogo,
Enid


Padiham
Jumapili, 23 Novemba 2014

Mpendwa Mama Mdogo,

Nyumbani kwangu wote wazima. Joanne amekuja wikiendi hii na mvulana anayekula wali kwa uma na kisu, tumeamua kumvumilia. Goti limenyamaza, sasa ni bega. Barua yako niliisomea ndani ya gari la maktaba, nimeegesha kando ya kanisa la Sabden, na wazee watatu walisimama nje wakidhani nimekufa.

Nilingoja siku nzuri. Oktoba yote haikuja. Mama anaporomoka kwa haraka, na siwezi kukuandikia vinginevyo. Mimi bado ananijua. Nasrin anamjua, kwa sababu anamwona kila asubuhi. Daktari alisema kweli. Anti Nellie ndiye aliyempotea kwanza. Alhamisi moja kwa wiki haikutosha. Tangu katikati ya Oktoba, nikimfungulia mlango, Mama ananiambia, "Una mgeni, Desmond," anajiweka sawa nywele na kumuuliza kama anakunywa chai na sukari. Anamuuliza Nellie Ormerod, ambaye amemmiminia chai miaka hamsini.

"Vijiko viwili, kama si usumbufu," anajibu Anti Nellie.

Na kila Alhamisi anakuja. Nilimwambia nitaelewa akiacha. Akaniambia nisiwe mjinga.

Sasa Alhamisi hii iliyopita. Mama alikuwa mchangamfu, amekula vizuri, akamwegemea mgeni kama mtu mwenye siri.

"Wewe unakaa mtaa huu?"

"Karibu tu hapa."

"Basi labda unamjua Nellie. Wa mlango wa kijani. Alikuwa anakuja kila siku saa nne. Siku hizi haji."

Nilikuwa nimeshika sinia. Sikuweza kuliweka chini wala kuondoka nalo.

"Haji?" akasema Anti Nellie.

"Ameacha. Sijui nilimkosea nini. Nimewaza na kuwaza."

"Hukumkosea kitu, mpenzi. Labda miguu."

"Ingekuwa miguu angesema. Ukimwona, mwambie mlango ni uleule."

"Nitamwambia," akasema Anti Nellie, akamshika mkono. Koti alikuwa hajalivua, kifungo cha juu kimefungwa. Wakakaa hivyo mpaka saa tisa na nusu, nusu saa zaidi ya kawaida yake. Nilipomfungulia atoke hakusema lolote kuhusu hali ya hewa.

Nikaona kama hii si siku nzuri, basi nzuri nyingine haipo. Nikakaa kwenye kile kiti cha wageni, kilikuwa bado na joto, nikamuuliza. Sikukutaja kuwa umenituma. Nilisema, "Mama, hivi Enid alipoolewa, ulimfukuza?"

Akanitazama kama nimeuliza kama tuna tembo ndani.

"Nimfukuze Enid? Enid yuko kiwandani. Anatoka saa kumi na moja na nusu."

"Ila ufunguo wake uliuchukua."

"Nilimpa Nellie. Baba yako yuko zamu ya usiku, mtoto mdogo, mimi peke yangu, lazima mtu wa karibu awe nao. Enid anaenda Burnley, wa nini huko Burnley?"

"Si ungechonga mwingine?"

"Kuchonga mwingine wa nini, na mmoja umelala bure kabatini?" Akakasirika kidogo, kisha akakasirikia kitu kingine, kisha akatulia. "Enid hahitaji ufunguo. Mimi nipo siku zote. Abishe tu, nitamfungulia."

Nimekuandikia kama alivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Ule niliouondoa kwenye msumari wa Nellie ulikuwa wako, Mama Mdogo. Mama aliuchukua kwako asichonge mwingine, na mimi nikauchukua kwa Nellie nisichonge mwingine. Hatukumtaka mtu yeyote aondoke. Tulikuwa tunabana matumizi tu, na unaona tulichokibana.

Baada ya hapo akaniamuru nisogeze kiti chake karibu na mlango na niuache mlango wazi, kwa sababu wewe huwa hugongi kwa nguvu, na yeye siku hizi hasikii vizuri. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Nilimfunika blanketi mbili na koti langu. Zamu ya jioni siku hiyo alikuwa ameishika Nasrin, na angekuja saa moja.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu akainua kichwa. Watu walipita wakitoka kazini, tukawatazama mmoja mmoja. Tulikungoja mpaka saa moja, kisha Nasrin akaja kumlaza.

Mwanao,
Desmond